Mali ikishauzwa hairudishwi, lakini kwenye rafu inarudi

BOMBA la kupulizia dawa, la lita 16, linatoka dukani Bukoba mjini Jumatatu asubuhi likiwa ndani ya boksi lake, mpini ukiwa bado umevikwa nailoni. Jumatano linarudi. Aliyelinunua anasema linavuja kwenye kifuniko, au halisukumi, au anaeleza tu kwamba mwanawe aliyeko Mwanza alikwishamtumia jingine. Yanafuata mabishano. Mwisho mwenye duka analipokea, anampa mteja jingine au anamrudishia sehemu ya fedha zake. Ijumaa bomba lile lile limo ndani ya boksi lake, selotepu mpya imepita juu ya ile ya zamani, na bei ni ya Jumatatu.

Mteja wa Ijumaa, tuseme mkulima wa nyanya aliyeshuka kwenye Hiace kutoka Muhutwe au Kamachumu, anauliza kama ilivyo kawaida: "Waitu, hili ni jipya?" Anajibiwa, "Jipya mzee, si unaliona boksi." Analipa na kuondoka.

Hali hii si ngeni kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Bukoba na Muleba, na si ya mabomba peke yake. Betri za sola, simu, redio, pasi, pakiti za mbegu, hata dawa za mifugo, zote huuzwa, hurudishwa na kuuzwa tena kama hazijawahi kutoka dukani. Ukutani, nyuma ya kaunta, na mara nyingi chini ya risiti, yameandikwa maneno ambayo kila mteja anayafahamu: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Maneno hayo ndiyo yanayoficha jambo lenyewe. Kwa kuwa dukani hakuna utaratibu wa kurudisha, bidhaa inayorudi kwa huruma au kwa ugomvi haiandikwi popote. Haina daftari, haina alama, haina bei yake. Nafasi pekee iliyopo ya kuiweka ni pale ilipotoka.

Hesabu ya mwenye duka

Ni rahisi kumwita mwenye duka tapeli na kumaliza mjadala. Wapo wanaostahili jina hilo. Lakini wengi wamebanwa na hesabu, na hesabu hiyo inafaa itazamwe.

Tuchukue mfano wa bomba lililonunuliwa kwa jumla Sh50,000 na kuuzwa Sh60,000. Faida ni Sh10,000, kabla ya pango, umeme, ushuru na posho ya kijana wa duka. Bomba moja likirudi na likawa haliuziki, limekula faida ya mabomba matano. Kwa duka la Muleba mjini au Nshamba ambalo nje ya msimu linauza mabomba mawili au matatu kwa mwezi, hiyo ni kazi ya miezi miwili iliyopotea kwa sababu ya kifuniko kinachovuja.

Je, hawezi kulirudisha alikolinunua? Mzigo wa maduka ya Kagera husafiri mbali. Mwingine huja kwa meli kutoka Mwanza, mwingine kwa lori kupitia Biharamulo, mwingine huvuka mpaka wa Mutukula kutoka Kampala, na mwingi chanzo chake ni Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Bukoba kwa barabara. Muuzaji wa rejareja wa Muleba alinunua Bukoba, wa Bukoba alinunua Mwanza, wa Mwanza alichukua Dar es Salaam. Kila mmoja ana tangazo lile lile ukutani. Waranti ya kiwandani ikifika Kariakoo bado ina nguvu, ikifika Mwanza imepungua, na ikifika Muleba ni karatasi tu ndani ya boksi. Nauli ya kulirudisha bomba moja, pamoja na vocha za simu za kubembeleza, inaweza kukaribia faida yake.

Hasara hiyo lazima imwangukie mtu. Inaweza kubebwa na mtengenezaji, na muuzaji wa jumla, na mwenye duka, au na mteja anayefuata. Watatu wa mwanzo wanajua wanachoombwa, nao hukataa. Wa nne hajui, kwa hiyo hakatai.

Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara wanalielewa vizuri, ingawa hawapendi kulisema mbele ya wateja. Bidhaa yenye historia hupelekwa mbali. Mteja anayeishi mtaa wa pili atarudi nayo kesho yake asubuhi. Aliyenunua kwenye gulio atamkuta mchuuzi amehamia gulio jingine. Na mvuvi wa Bumbire, Goziba au Ikuza, ambaye kurudisha betri kunamgharimu nauli ya boti, siku nzima na usiku mmoja wa kuvua, ataitupa pembeni na kununua nyingine. Kwa maneno mengine, bidhaa mbovu inamfuata yule ambaye hana uwezo wa kuirudisha, na mara nyingi huyo ndiye mwenye mtaji mdogo kuliko wote.

Bomba lenye sumu ya jana

Redio iliyorudishwa ikiuzwa tena, mnunuzi hupoteza fedha. Bomba la dawa ni habari nyingine.

Hakuna anayejua lilipulizia nini katika zile siku mbili lilipokuwa nje ya duka. Kama mteja wa kwanza alilijaribu kwa maji safi, hakuna neno. Lakini kama alilijaza dawa ya magugu kwa ajili ya shamba la mahindi au kusafisha rweya, tatizo ni kubwa. Dawa za kundi la 2,4-D, ambazo huua magugu ya majani mapana na kuacha mahindi, hung'ang'ania kwenye plastiki, kwenye mpira wa bomba na kwenye chujio. Kusuuza mara moja kwa maji hakutoshi. Nyanya ni miongoni mwa mazao yanayodhurika upesi na dawa hizo, hata kwa kiasi kidogo mno: majani hujikunja, shina hupinda, maua hupukutika. Maharage nayo hayastahimili.

Mkulima aliyenunua bomba la aina hiyo akiamini ni jipya, akaweka dawa yake ya ukungu na kupulizia miche ya nyanya, ataona mimea inanyauka baada ya siku chache. Atalaumu dawa ya ukungu. Atalaumu mbegu, mvua, pengine jirani. Bomba hatalifikiria, kwa sababu bomba ni jipya.

Upande wa mifugo hatari ni ile ile. Bomba lililotumika kwa dawa ya magugu au ya wadudu wa shambani halifai kuogeshea ng'ombe kupe. Mfugaji anayejua kanuni hii huweka mabomba mawili, moja la shamba na moja la zizi. Juhudi zake hazina maana ikiwa lile la zizi limetoka dukani na mabaki ya sumu ndani yake.

Dalili zipo kwa anayetafuta. Bomba ambalo halijawahi kutumika halina harufu ya dawa. Fungua kifuniko unuse. Chujio lake ni kavu na safi. Dawa zenye shaba huacha rangi ya bluu au kijani kwenye nozeli na kwenye nyuzi za kifuniko. Nailoni ya mpini ikiwa imechanwa na kurudishwa, au kijitabu cha maelezo kimekunjwa kinyume na mikunjo yake ya awali, boksi hilo limekwisha kufunguliwa.

Mbegu iliyokosa msimu

Kwa mbegu, neno "kurudishwa" lina sura mbili. Kwanza ni mkulima anayerudisha pakiti aliyoinunua kwa sababu mvua imechelewa au alinunua zaidi ya shamba lake. Pili, na hii ndiyo kubwa, ni duka la pembejeo linalobaki na mbegu za vuli zisizouzwa, ambazo hurudi kwa msambazaji au hukaa stoo hadi masika. Pakiti inabaki inang'aa. Punje zilizo ndani zinazeeka.

Zinazeeka haraka zaidi pwani ya Ziwa Victoria kuliko sehemu nyingi za nchi. Mji wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa yake ina unyevu karibu wakati wote. Wataalamu wa mbegu wana kanuni maarufu iliyotolewa na Mmarekani James Harrington: kila unyevu ndani ya mbegu unapopanda kwa asilimia moja, umri wa mbegu hupungua kwa nusu, na kila joto la mahali zinapotunzwa linapopanda kwa nyuzi 5 za Selsiasi, umri huo hupungua tena kwa nusu. Stoo yenye paa la bati lisilo na dari, karibu na ziwa, ina yote mawili. Pakiti iliyofunguliwa kidogo kisha ikafungwa kwa stepla ndiyo hufa mapema zaidi.

Mbegu iliyobaki si lazima itupwe. Anayeimiliki anaweza kuomba ipimwe upya, na ikionekana bado inaota vizuri ikapewa lebo mpya yenye tarehe mpya ya kupimwa. Kosa ni kuirudisha kwenye rafu na lebo ya zamani iliyokwanguliwa tarehe, au kuihamishia kwenye mfuko mwingine.

Taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI, iliyotokana na Sheria ya Mbegu Na. 18 ya mwaka 2003, imeweka lebo yenye namba iliyofichwa ambayo mkulima huikwangua na kuihakiki kwa simu. Wengi wanaifahamu kama kinga dhidi ya mbegu bandia. Ina faida nyingine isiyozungumzwa sana: pakiti ambayo namba yake imekwisha kukwanguliwa ilikwisha kuwa mikononi mwa mtu. Ukiikuta dukani katika hali hiyo, uliza ilikuwa wapi.

Njia ya uhakika zaidi haihitaji simu. Hesabu punje 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, kiviringishe na ukiweke mahali penye uvuguvugu. Baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Zikiwa 90, panda. Zikiwa 60, una sababu ya kurudi dukani, na umejua kabla hujalima. Ndiyo maana anayenunua mbegu wiki mbili kabla ya mvua ana nafasi ambayo anayenunua mvua ikinyesha hana. Mbegu isipoota, bei ya pakiti ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni mvua iliyopita.

Ng'ambo ya Mutukula, nchini Uganda, watafiti wa uchumi walipima mbolea na mbegu kutoka maduka ya rejareja na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017. Mbolea ilikuwa na upungufu wa asilimia 30 ya kirutubisho kilichotakiwa kuwemo, na mbegu za mahindi chotara zilikuwa na ubora sawa na mchanganyiko ambao chini ya nusu yake ndiyo chotara halisi. Kwa ubora huo, walionyesha, mkulima mdogo anayekataa kununua pembejeo hakosei hesabu.

Tanzania nayo ina utafiti wake, na matokeo yake yanashangaza. Mkoani Morogoro, kazi iliyochapishwa mwaka 2021 ilipima mbolea kutoka kwa wauzaji 225. Karibu yote ilikuwa na virutubisho vinavyotakiwa. Lakini wakulima waliamini ni mbovu, kwa kiasi kikubwa kwa sababu baadhi ilikuwa imeshikana mabonge au mifuko imechakaa. Urea iliyoganda kwa unyevu inaweza kuwa bado na naitrojeni yake. Macho peke yake basi hayatoshi kwa upande wowote: mbolea inaonekana mbaya kumbe nzima, mbegu inaonekana nzuri kumbe imekufa. Muuzaji anayerudisha bidhaa rafuni kwa siri huwaumiza hata wenzake wanaouza bidhaa safi, kwa kuwa mkulima aliyeungua mara moja haamini tena duka lolote.

Betri, simu na alama za bisibisi

Betri ya maji ya volti 12, inayowasha taa za nyumbani na zile za kuvulia dagaa, ndiyo bidhaa inayodanganya kwa urahisi kuliko zote. Betri iliyotumika vibaya ikirudishwa, ikachajiwa usiku kucha na kufutwa vumbi, kipimo kitaonyesha volti 12.7 asubuhi, sawa na mpya. Mnunuzi ataridhika. Usiku wa kwanza ziwani taa zitafifia kabla ya saa sita, kwa sababu volti inaonyesha chaji iliyopo juu juu, haionyeshi betri inaweza kubeba kiasi gani. Betri iliyoachwa muda mrefu bila chaji hujenga fuwele ngumu kwenye sahani zake za risasi, na eneo hilo halifanyi kazi tena kikamilifu.

Kipimo kinachosema kweli ni mzigo. Mwombe fundi au mwenye duka aiunganishe na taa kubwa ya gari kwa dakika kumi huku mita ikiwa imewekwa. Betri nzima itashuka kidogo na kutulia. Iliyochoka itaendelea kuteremka. Tazama pia vichwa vyake. Risasi ni laini, kibanio kikikazwa hata mara moja huacha alama, na alama hiyo haifutiki kwa kitambaa.

Kwenye simu watu wamekwisha kupata somo, tena kwa uchungu. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizifungia simu bandia zote zisitumike kwenye mitandao ya nchini. Wananchi walielekezwa kubonyeza *#06# kupata namba ya utambulisho ya simu, IMEI, na kuituma kwenda 15090 kuihakiki. Waliobaki na simu zisizofanya kazi walikuwa wanunuzi.

Namba hiyo hiyo inafichua simu iliyorudishwa. IMEI inayotokea kwenye kioo inapaswa kulingana na iliyochapwa kwenye boksi. Zikitofautiana, simu imebadilishwa boksi, na simu mpya haina sababu ya kubadilishwa boksi. Skrubu zenye mikwaruzo ya bisibisi na betri inayojaa upesi mno na kuisha upesi mno ni dalili nyingine.

Sheria na tangazo la ukutani

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, ikiwa ni pamoja na kudai kwa uongo kuwa bidhaa ni mpya. Inayo pia sehemu kuhusu masharti yanayohesabiwa kuwemo katika mauzo kwa mlaji hata kama hayakuandikwa. Nayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, sheria ya tangu enzi za mkoloni, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo fulani ilingane na maelezo hayo. Iliyouzwa kama mpya iwe mpya.

Kwa hiyo tangazo la "hairudishwi" lina mipaka. Mteja aliyebadili mawazo tu, akaona rangi haimpendezi, mwenye duka ana haki ya kumkatalia. Mteja aliyepewa kitu kibovu au kisicho kile alichoelezwa yuko katika nafasi nyingine kabisa. Maduka mengi huyachanganya mambo haya mawili, na hapo ndipo ugomvi wa kaunta unapoanzia.

Mnunuzi naye ana tahadhari yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa haimlindi aliyekagua bidhaa akaona kasoro, au ambayo ukaguzi wake ungepaswa kuionyesha, kisha akanunua. Jambo lililosemwa kwa mdomo ni gumu kulithibitisha. Mashine za risiti za kielektroniki zimekuwapo nchini tangu mwaka 2010, lakini risiti nyingi husema tu "bidhaa" na bei. Risiti isiyotaja kitu kilichouzwa haimsaidii mtu mbele ya FCC wala kwenye Mahakama ya Mwanzo. Omba liandikwe jina la bidhaa, namba yake na neno "mpya", hata kwa kalamu nyuma ya karatasi pamoja na mhuri wa duka. Muuzaji anayekataa kuandika neno hilo amejibu swali.

Kwa mfanyabiashara mdogo kuna habari ambayo haifahamiki sana: yeye naye ni mnunuzi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamlinda dhidi ya muuzaji wa jumla kama inavyomlinda mkulima dhidi yake. Mwenye duka wa Muleba aliyeuziwa mabomba kumi, matatu yakiwa yanavuja, ana haki ya kudai. Tatizo ni kwamba hana daftari la kuonyesha.

Kenya imeandika jambo hili waziwazi zaidi. Sheria yake ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni uongo kusema bidhaa ni mpya au haijatumika ilhali imetumika au imefanyiwa ukarabati. Lakini inaongeza kwamba kuitumia kwa kiasi kinachofaa, ili kuijaribu au kuiandaa kwa mteja, hakuigeuzi kuwa iliyotumika. Tofauti hiyo ingewafaa hata wauzaji wa Bukoba wanaoogopa kufungua boksi mbele ya mteja wakidhani thamani itashuka.

Kuuza iliyorudishwa bila kuificha

Bidhaa iliyorudishwa si takataka, na hakuna ubaya kuiuza. Kampuni ya Samsung ilipata somo kubwa mwaka 2016, simu zake za Galaxy Note 7 zilipoanza kushika moto kwa sababu ya betri na kulazimika kurudishwa duniani kote. Mwaka uliofuata iliziweka betri mpya baadhi ya simu hizo na kuziuza Korea Kusini kwa jina tofauti, Note FE, kwa bei ya chini kuliko ile ya awali. Wanunuzi walijua wanachonunua, na walizinunua.

Duka la Muleba halihitaji kuwa Samsung. Turudi kwenye bomba la Sh60,000. Kama linavuja kwa sababu ya mpira wa kifuniko, fundi atabadilisha mpira. Likiuzwa Sh45,000 kwa maelezo kwamba lilirudishwa, likabadilishwa mpira na limejaribiwa, mwenye duka amepata hasara ya Sh5,000 na gharama ya mpira. Ni kama faida ya bomba moja, badala ya faida ya mabomba matano. Yupo mkulima anayelitaka kwa bei hiyo, hasa yule ambaye asingeweza kufikisha Sh60,000. Anayenunua mtumba sokoni kila wiki haogopi kitu kilichotumika.

Kinachotakiwa ni rafu moja ya pembeni na daftari la shule. Kwenye daftari iandikwe tarehe, bidhaa, namba yake, sababu ya kurudishwa na ilikoishia. Miezi sita baadaye, daftari hilo litaonyesha kwamba mabomba ya aina fulani kutoka kwa msambazaji fulani ndiyo yanayorudi. Wenye maduka watatu au wanne wa Muleba wakiweka zao pamoja, wakakusanya mzigo mmoja na kuupeleka Bukoba au Mwanza kwa nauli moja, muuzaji wa jumla atawasikiliza tofauti na anavyomsikiliza mtu mmoja kwenye simu.

Vipo vitu ambavyo havifai hata kwenye rafu ya pembeni. Chupa ya sumu iliyofunguliwa, chanjo ya mifugo iliyotoka kwenye jokofu, mbegu iliyofunguliwa na bomba ambalo haijulikani lilibeba dawa gani: hivyo visirudi kuuzwa kwa bei yoyote. Mwenye duka ana haki ya kukataa kuvipokea, ila kwa wale waliouziwa vikiwa tayari ni vibovu. Akivipokea, hasara ni yake au ya aliyemuuzia.

Isisahaulike kwamba wakulima nao wamo. Anayepita Soko Kuu la Bukoba akinunua maharage atauziwa debe ambalo juu ni ya msimu huu na chini ni ya msimu uliopita, yaliyotunzwa kwenye unyevu hadi yakawa magumu kuiva hata yakichemka nusu siku. Mwanamke aliyemaliza kuni kwa maharage ya namna hiyo hana tofauti na mvuvi aliyezimiwa taa Goziba. Wote wawili waliambiwa ni mapya.

Dakika tatu

Kwa bomba, kipimo cha dukani ni chepesi. Lifunguliwe mbele ya mteja. Litiwe lita tano za maji, lipampiwe hadi mpini uwe mzito, kisha liinamishwe upande mmoja na mwingine kama mtu anayepanda kilima cha kibanja chake. Tazama kifuniko, maungio ya mpira na nozeli. Nusa kabla ya maji na baada ya maji. Halafu yamwagwe, na kwenye risiti iandikwe: jipya, limejaribiwa. Kazi yote haizidi dakika tatu na ndoo moja ya maji.

Likivuja hapo, mwenye duka analiandika kwenye daftari na kuliweka pembeni kwa ajili ya aliyemuuzia, na mkulima anafunguliwa boksi jingine kabla fedha haijatoka mfukoni.